Kazi za nyumbani na pesa ndogo ya mtoto: mwongozo kwa wazazi na walezi

Umemtuma mwanao sokoni akanunue chumvi na sabuni. Amerudi, na mkononi ana faranga 500 zilizobaki. Leo una haraka, maharage yanaungua jikoni, unazichukua bila kusema kitu. Wiki inayofuata umeamka vizuri, unamwambia, "Baki nazo." Mara ya tatu chenji haionekani kabisa, na ugomvi unaanza.

Kwa siku hizo tatu mtoto amesoma somo la pesa, ingawa hukukusudia kumfundisha. Amejifunza kwamba pesa inafuata hali ya moyo wa mkubwa, na kwamba aliye mjanja huificha mapema.

Makala hii ni kwa ajili yako mzazi au mlezi, uwe mkimbizi kutoka Kongo, uwe umerejea kutoka kambi za Tanzania, au uwe mwenyeji wa Buhinyuza na milima mingine ya Muyinga. Inaeleza jinsi ya kumzoesha mtoto kazi na pesa bila kumgeuza kuwa mtafutaji wa familia. Mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba, hasa pale ambapo chakula cha nyumbani hakitoshi, ndiyo maana tunaanzia hapo.

Kazi ya nyumbani na ajira ya mtoto ni mambo mawili

Katika familia nyingi za hapa, mtoto wa miaka 6 au 7 tayari ana kazi yake. Anafagia uwanja, anafukuza kuku wasile maharage yaliyoanikwa. Wa miaka 10 anashuka bondeni kuchota maji kwa kidumu kidogo, anaosha vyombo, anaswaga mbuzi baada ya shule. Hakuna ubaya katika hilo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto naye ana wajibu kwa familia yake, kulingana na umri na uwezo wake, na kwamba awasaidie wazazi wanapokuwa na shida. Lakini mkataba huohuo, katika kifungu cha 15, unamlinda mtoto asinyonywe, na asipewe kazi ya hatari au inayozuia makuzi yake. Kuna wazazi wanaokumbuka kifungu cha kwanza tu, na wafanyakazi wa mashirika (nasi tumo) wanaokumbuka cha pili tu. Vyote viwili vinafanya kazi pamoja.

Burundi iliridhia mwaka 2000 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaohusu umri wa chini wa kuajiriwa, ikataja miaka 16. Kazi za hatari haziruhusiwi kabla ya miaka 18. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 anayepelekwa kulima shamba la mtu kwa siku nzima ili alete pesa ya unga hafundishwi kuwajibika, ameajiriwa. Hali kadhalika yule anayevushwa mpaka kwenda Tanzania "kusaidia kuvuna" na mtu ambaye familia haimjui vizuri.

Kama una shaka juu ya kazi unayompa mwanao, jiulize maswali ya kawaida kabisa. Je, anafika shuleni kabla ya kengele, au kila siku anachelewa kwa sababu ya foleni ya maji? Anapata muda wa kucheza kabla giza halijaingia? Mzigo unalingana na mwili wake? Kidumu cha lita 20 kikijaa kina kilo 20, na kuna watoto wanaokibeba wakati wao wenyewe hawafiki kilo 30. Mpe kidumu cha lita 5 hata kama itabidi aende mara mbili.

Je, nimlipe mtoto anapochota maji?

Wazazi hutofautiana sana juu ya swali hili. Jibu letu ni hapana. Maji yananywewa na wote, uwanja ni wa wote, na mama anayepika hapewi malipo. Ukianza kulipa kila kazi, utafika siku ambayo huna hata faranga moja, na mtoto atakujibu kwamba leo hafanyi. Wala hatakuwa mkorofi. Atakuwa anafuata biashara uliyomfundisha wewe.

Weka basi makundi mawili. Kundi la kwanza ni kazi za nyumba, ambazo kila mmoja anafanya sehemu yake kwa sababu anaishi humo. Hizo hazina malipo, zina shukrani. La pili ni kazi za ziada, zile ambazo ungeweza kumpa mtu mwingine au kuziacha: kusuka upya uzio wa banda la kuku, kuchambua maharage ya kuuza siku za likizo, kupanga kuni zilizokwishaletwa. Hizo, kama uwezo upo, unaweza kuzilipia. Mwambie kabla hajaanza ni kiasi gani na kazi iliyokamilika inaonekanaje. Akimaliza kama mlivyokubaliana, mlipe siku hiyohiyo. Akiiacha katikati, usilipe, wala usipige kelele; mwambie kilichobaki na umwache amalize.

Mbali na kazi za ziada, familia nyingine humpa mtoto kiasi kidogo kwa siku maalumu, bila kukifunga na kazi yoyote. Wengine wanakiita posho, lakini kwa wengi wetu posho ni unga, kwa hiyo hapa tutasema pesa ya mtoto. Faida yake ni kwamba inakuja kwa ratiba, na ratiba ndiyo inayomwezesha mtoto kupanga. Chagua kiasi ambacho utaweza kukitoa hata mwezi ukiwa mbaya. Afadhali faranga 500 kila baada ya wiki mbili, bila kukosa, kuliko 2,000 leo na halafu kimya mpaka mavuno ya kahawa.

Tena, pesa hiyo iwe na jukumu lake. Mwambie mtoto wa miaka 10: "Kuanzia muhula huu kalamu ni juu yako. Daftari nitanunua mimi." Tuseme kalamu ni faranga 500, kwa mfano tu, kwani bei zinabadilika. Kwa mwezi anapata 1,000. Kalamu ikichukua 500, zinabaki 500 za maandazi, au za kuweka. Akipoteza kalamu mara mbili katika mwezi mmoja, maandazi hayapo. Hesabu hiyo hahitaji kuelezwa na mtu.

Mwonyeshe pesa ya nyumbani inavyokwenda

Watoto wetu wengi wanaona pesa ikiingia lakini hawaoni ikitoka. Siku ya msaada, au siku ya kuuza kahawa, mtoto anaona noti nyingi mkononi mwa mkubwa, na kesho yake anaambiwa hakuna pesa ya viatu. Kwake yeye huo ni uongo.

Jaribu hivi. Chukua punje 20 za maharage, uzimwage juu ya mkeka. Kama familia imepata faranga 100,000, kila punje ni 5,000. Mkiwa na watoto walio na miaka 9 na kuendelea, mzigawe pamoja: punje za chakula huku, za sabuni na mafuta pale, za shule, za dawa, za deni la dukani, za kikundi cha akiba. Waache waseme wenyewe ni ngapi zihamishwe. Mara nyingi fungu la chakula litameza nusu ya punje kabla hamjafika kwenye nguo, na hapo utasikia mkimya mmoja ghafla. Mtoto aliyezigawa punje kwa mkono wake hataacha kutamani viatu, lakini ataelewa kwamba ili viatu vipatikane kuna fungu lazima lipungue, na huenda akapendekeza lipi.

Waambie wakubwa kwamba hesabu za nyumbani hazisimuliwi kisimani. Hilo nalo ni sehemu ya somo, na ni kwa usalama wenu.

Kama uko katika kikundi cha kuweka na kukopa, una darasa lililo tayari. Mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, na hapa Burundi umeenea mpaka vijijini. Mpeleke mtoto siku moja akaone: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, pesa zinahesabiwa mbele ya wote, anayechelewa anatozwa faini hata kama ni jirani mpendwa. Waliotoka Kongo mnajua likelemba, ambayo mchango wote unamwendea mmoja kwa zamu. Mweleze mtoto tofauti ya mitindo hiyo miwili. Atauliza swali zuri: "Na yule aliyepokea kwanza akihama?"

Kama hakuna pesa: mpe kuku

Tunajua kwamba baadhi yenu mmesoma mpaka hapa mkisema, "Faranga 500 za mtoto nitazitoa wapi?" Mtoto anaweza kujifunza yote haya bila noti hata moja.

Mpe kuku jike mmoja aliye wake, mbele ya familia yote. Kazi ya kumfungia jioni, kumpa maji na kusafisha banda ni yake. Kuku akitaga, mtoto ana uamuzi wa kwanza wa kiuchumi katika maisha yake: mayai yaliwe, yauzwe, au yaachwe yaanguliwe? Tuseme ameacha mayai 10. Vifaranga 7 wametoka, mwewe amechukua 2, wamebaki 5. Sasa anajua hasara ni nini, na kwa nini banda linahitaji mlango. Kideri kikipita na kuua kuku wa mtaa mzima, atalia, nawe utamwonyesha kwamba chanjo inayotolewa mapema ni rahisi kuliko kuku mpya. Uliza kwa mtaalamu wa mifugo wa eneo lenu chanjo inapatikana lini.

Mahali penye nafasi ndogo, kama katika viwanja vya makazi ya wakimbizi, simbilisi wanafaa zaidi. Wale kutoka Kivu mnawaita cobaye. Wanakula majani na maganda, wanazaana haraka, na katika Kivu Kusini kwa miaka mingi wamekuwa mifugo inayoachwa mikononi mwa watoto, ambao huuza mmoja wanapohitaji daftari. Tuta moja la lengalenga nyuma ya nyumba nalo linafaa: linavunwa baada ya wiki chache tu, kwa hiyo mtoto haoni muda mrefu mno kati ya jasho na pato. Kabla ya kuleta mnyama, uliza uongozi wa makazi yenu kama wanaruhusiwa.

Hapa pana hatari moja, nayo hutoka kwetu wakubwa. Nilipokuwa na miaka 9, shangazi aliyenilea aliniambia mbuzi mmoja mweusi ni wangu. Nilimchungia majani mwaka mzima. Siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta kamba tupu. Ameuzwa kulipa dawa za bibi. Bibi alistahili dawa, na kama ningeulizwa ningekubali. Lakini sikuulizwa, na tangu siku ile sikuchunga tena mnyama wa nyumba ile kwa moyo. Shida ikija, na itakuja, mwite mtoto umwambie: "Tunahitaji kuku wako. Tutakuwa na deni kwako." Liandike deni hilo ukutani kwa mkaa kama hakuna daftari, na ulilipe hata kidogo kidogo.

Mwache akosee na pesa ndogo

Ukishampa pesa ya mtoto, ni ya mtoto. Akinunua pipi zote siku ya kwanza, usimwongezee na usimtukane. Zile siku 13 za kungoja zitafanya kazi yako.

Wazazi wengi wanaona vigumu. Tunataka akiba ya mtoto iende moja kwa moja kwenye madaftari, bila kupita mikononi mwake. Nchini Uganda, watafiti Dean Karlan na Leigh Linden walijaribu jambo hilo katika shule za msingi 136. Wanafunzi waliweka akiba katika sanduku lililofungwa shuleni. Mwisho wa muhula, katika shule nyingine watoto walirudishiwa pesa taslimu. Katika nyingine walipewa hati za kununulia vifaa vya shule tu. Ungetarajia kundi la pili lifanye vizuri zaidi. Ilikuwa kinyume. Walioahidiwa pesa taslimu waliweka akiba kubwa zaidi, na pale ambapo wazazi wao pia waliitwa na kuelezwa mpango, watoto hao walinunua vifaa vingi zaidi vya shule na alama zao zikapanda. Aliyefungwa sana hakuona sababu ya kuweka.

Utafiti mwingine, wa shule 135 za Ghana, unatuhusu kwa upande wa pili. Huko walilinganisha programu mbili za kufundisha watoto akiba. Zote mbili ziliwazoesha watoto kuweka. Lakini ile iliyofundisha mambo ya pesa peke yake ilifuatiwa na watoto kufanya kazi za kutafuta pesa zaidi kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Ile iliyochanganya pesa na masomo ya haki na wajibu wa mtoto haikuonyesha ongezeko hilo. Ndiyo sababu makala hii haikuanza na kibubu. Mtoto akisikia habari ya pesa tu kila siku, anaweza kuona darasa linamchelewesha.

Pesa ziwekwe wapi?

Kwa akiba ndogo ya mtoto, kibubu cha bati au cha udongo kinatosha. Kizuri zaidi ni chenye kufuli, ufunguo kwako na kibubu kwake, ili asifungue mmoja peke yake; ni lile sanduku la kikundi kwa udogo. Mwandikieni kila anachoweka.

Lakini usimwache aamini kwamba pesa iliyofichwa iko salama milele. Mwezi Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018, na watu walipewa siku 10 kuzipeleka benki. Mtu aliyekuwa na noti chini ya godoro na hakusikia redio alibaki na karatasi. Ongeza hapo kupanda kwa bei: faranga zinazotosha kununua daftari mwezi wa Septemba huenda zisitoshe Juni. Kwa hiyo mfundishe mwanao kwamba akiba ya wiki chache inakaa kibubuni, na ya muda mrefu igeuzwe kuwa kitu: madaftari yaliyonunuliwa mapema, kifaranga, mbegu za msimu ujao. Familia ambazo zimewahi kukimbia usiku hazihitaji kuelezwa kwa nini akiba yote isikae mahali pamoja.

Simu ya Lumicash au Ecocash ya mzazi inaweza kuhifadhi pesa ya kijana aliye mkubwa kidogo, ila namba ya siri ibaki kuwa ya siri, na kiasi chake kiandikwe pembeni ili kisichanganyike na cha nyumbani.

Binti na kaka yake

Hesabu kazi za jana nyumbani kwako. Nani alichota maji, nani aliosha vyombo, nani alimbeba mtoto mdogo, nani alipata muda wa kucheza mpira? Katika nyumba nyingi binti amefanya kazi tatu kabla kaka yake hajamaliza moja, halafu zile kazi chache za ziada zenye malipo anapewa kaka. Gawa upya. Mvulana anaweza kuosha sufuria, na msichana anaweza kutumwa kuuza mayai akarudi na hesabu kamili.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Msichana wa miaka 14 asiye na pesa hata ya sabuni au ya taulo za kike anaweza kuipata kwa mtu mwingine, na mtu huyo hataiita zawadi kwa muda mrefu. Katika zile punje za maharage, fungu la binti liwepo, na alijue.

Mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, akija nyumbani na pesa au simu usiyojua ilikotoka, usianze na fimbo. Fimbo itamfundisha kuficha vizuri zaidi. Muulize kwa utulivu, mkiwa wawili: nani amekupa, alisema nini, amekuomba nini? Kama jibu linakutia wasiwasi, au kama mtu anataka kumchukua mtoto wako kwa kazi mbali na nyumbani, nenda kwa kamati ya ulinzi wa mtoto ya mlima wenu au kwa mfanyakazi wa ulinzi katika makazi yenu. Unaweza pia kupiga 116, namba ya kusaidia watoto Burundi inayojulikana kama Yaga Ndakumva. Huhitaji kuwa na uhakika wa jambo ndipo upige, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.